Kufuli la Baba Yako

Zuhura mwanangu,

Umekwenda Ujiji kumuaga bibi yako, na yule mama hatakuachia upesi. Atakulisha, atakulilia, kisha atakulisha tena. Kwa hiyo mchana huu ni wangu. Baba yako yuko uani analifunga sanduku lako kwa mpira wa baiskeli, analikaza utadhani treni ya kesho itapita chini ya ziwa. Nimeona nikae mezani nikuandikie, kwa kuwa haya nikiyasema kwa mdomo utanikatiza, utasema, "Mama, mambo yamebadilika," mimi nitapandisha hasira, na kesho tutaagana stesheni tumenuniana. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Sitakuandikia habari za chakula, wala za kuchunga pochi treni ikisimama Tabora, wala za vijana wa Dar es Salaam. Akili ya hayo unayo, na kama huna, barua haitakupa. Nataka kukuandikia habari ya kazi unayoiendea. Katika nyumba hii mimi ndiye ninayeijua kazi hiyo kwa ndani, na kuijua kwangu hakujaniletea heshima yoyote.

Siku ulipopata ajira uliwasomea majirani cheo chako ukiwa umesimama katikati ya sebule: Afisa wa Uwajibikaji kwa Jamii. Wakauliza ndiyo kazi gani. Ukawaambia kampuni inapata faida, halafu inarudisha kwa jamii, na wewe utasimamia hicho kinachorudishwa na kukiandikia ripoti. Mama Sabina, ambaye tangu usichana wake ameanika dagaa kwenye ufuo wa ziwa hili, akakuuliza kwa upole, "Kurudisha? Kwani walichukua nini, mwanangu?" Ukacheka, na watu wote wakacheka. Mimi na Mama Sabina hatukucheka, na sidhani kama uliona.

Walichukua mchanga, Zuhura. Pale penye geti la kampuni, chini ya ghala, palikuwa na mchanga mweupe uliopigwa na upepo kutwa, na wanawake wakianika dagaa wao hapo tangu enzi za mama zao. Kampuni ikaja na matishari yake ya kubeba mizigo ziwani, ikapata kibali, ikazungusha seng'enge. Wanawake wakasogezwa kwenye mawe. Umewahi kuanika dagaa kwenye mawe? Nusu wanakauka, nusu wanaiva. Lakini hayo yalipita kimya, maana hakuna ripoti inayoandikwa juu ya seng'enge.

Wakati huo mimi nilikuwa mpiga chapa wa Meneja, na baba yako alikuwa mlinzi wa ghala. Ndiyo, kampuni hiyohiyo inayokupeleka Dar. Ilikuwa miaka ya wakimbizi, ile ya mwanzo, si hii ya sasa. Watu walikuwa wakivuka kutoka ng'ambo, kila mashua ikija imeinama. Wewe ulikuwa bado mtoto wa mgongoni. Hadithi ya Jumapili ile umeisikia mara nyingi, lakini umeisikia kwa baba yako, na baba yako ana tabia ya kukatisha hadithi kila inapofika mahali pa kumsifu. Acha nikuelezee mimi.

Mvua ya masika ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Mchana mashua ziliingia mfululizo, watu wakashushwa palepale ndani ya seng'enge, kwa kuwa ndipo palipokuwa na gati. Polisi wakawaambia wasubiri malori ya kuwapeleka kambini. Malori yalikuwa yamekwama tope njiani, kila mtu alijua hivyo, hata polisi wenyewe. Watu wakakaa kwenye maji. Kulikuwa na wanawake wenye watoto wachanga, na mzee mmoja aliyekumbatia redio iliyofungwa kwenye nailoni, yeye mwenyewe akitetemeka. Ghala lilikuwa tupu, Zuhura. Humo ndani mlikuwa na magunia matupu tu na panya.

Mwanamke mmoja akamsogelea baba yako, akamwambia kwa Kirundi, "Mutwugururire." Mtufungulie. Baba yako ni Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu, neno hilo halikuhitaji mkalimani. Lakini ufunguo ulikuwa kwa Meneja, na Meneja alikuwa kwake Bangwe, kwenye nyumba za wakubwa. Baba yako akanituma mimi, kwa kuwa mimi nilizoea mlango wake. Nikapanda kule na wewe mgongoni, tumelowa chapachapa.

Meneja alitoka barazani na kijiti cha kuchokolea meno. Nikamweleza. Akatazama mvua, akanitazama, akasema, "Mwambie mumeo asifungue. Bima hairuhusu watu kulala ghalani. Kitu kikiharibika, bima hailipi."

Nikamwambia, "Mzee, humo hamna kitu."

"Ndiyo maana nakwambia kikiharibika," akajibu, na akarudi ndani. Mpaka leo sijaelewa jibu lile lilikuwa na maana gani. Wakubwa wana majibu ya namna hiyo, yamejaa mdomo na hayana kitu ndani.

Sasa sikiliza sehemu ambayo baba yako huwa haisemi. Nilirudi pale getini na mimi ndiye niliyemwambia, "Usifungue. Tutafukuzwa wote wawili, na mtoto huyu tutamlisha nini?" Sikumwambia kwa kunong'ona, nilimwambia mbele ya wale wanawake. Baba yako hakunigombeza. Alisema tu, "Basi kaa chini ya paa la kibanda, mtoto asilowane zaidi." Akachukua mtaimbo, akavunja kufuli. Lilikuwa kufuli kubwa la shaba, halikukubali upesi. Alipomaliza, watu wakaingia, na mimi nikaingia nao, kwa sababu na mimi nilikuwa nimelowa. Niliyesema usifungue nilikuwa wa mbele kukaa pakavu.

Jumatatu asubuhi Meneja aliniita niandike barua ya kumwachisha kazi mlinzi kwa kosa la kuharibu mali ya kampuni. Alinisomea neno kwa neno akitazama dirishani, na mimi nikaipiga chapa, herufi zimenyooka, nakala tatu. Tena akaagiza mlinzi alete kufuli jipya kabla ya kupewa haki zake. Baba yako alikwenda dukani kwa Mwarabu, akanunua kufuli, akalileta. Lile lililovunjika Meneja akalipitisha dirishani, akasema, "Chukua. Hili sasa ni lako, umeshalinunua." Baba yako akasema asante, na akalileta nyumbani. Wewe ulilichezea ukiwa mdogo, ulikuwa unalilaza na kulifunika kama mtoto.

Hapo ingekwisha, na mimi ningebaki na hasira ya kawaida tu, hasira ya mke ambaye mumewe ameonewa. Hiyo hupoa. Kilichonifanya niwadharau watu hawa hadi leo kilikuja baadaye, mvua zilipokwisha.

Alikuja ofisini mama mmoja wa shirika la misaada, mtu mtaratibu, viatu vyake vimejaa vumbi la kambini. Alisema watu kambini wanasimulia kwamba Kigoma kuna ghala lililofunguliwa siku ya mvua, na amekuja kushukuru. Meneja alifungua mdomo kumwambia kwamba lile lilikuwa kosa na aliyelifanya ameshaadhibiwa. Nilikuwa nimesimama pale na birika la chai, nilimwona. Kisha yule mama akatoa kalamu. Na akasema, kama kwa bahati tu, kwamba shirika linatafuta kampuni ya kubeba mahindi na maharagwe kwenda kambini, na linapenda kampuni zinazoishi vizuri na watu wa mahali pao.

Uso wa Meneja ulibadilika ukawa kama wa mtu aliyeokota kitu njiani na hajajua kama mwenyewe yuko karibu. Akatazama mlango. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama birika. Halafu akasema, "Mama, kampuni hii ni ya jamii. Tusingeweza kuwaacha wale watu mvuani."

Na mimi nikamimina chai.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa na mshahara mmoja katika nyumba ya watu watatu. Ndiyo sababu, na si sababu mbaya, lakini ngoja nikupe iliyo mbaya zaidi. Wiki ile Meneja aliandika ripoti yake ya kwanza ya mambo ya jamii, kwa sababu shirika liliomba, na makao makuu Dar walipoona shirika limeomba nao wakaitaka. Alihangaika na sentensi ya ghala. Aliandika "ghala lilitumika", akafuta. Akaandika "uongozi uliruhusu", akafuta, maana hata yeye alikuwa na kamshipa kadogo ka aibu. Mimi nikamwambia, "Andika kampuni ilifungua milango yake." Akapiga meza kwa furaha. Akasema, "Mama Zuhura, wewe ni mwandishi." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mimi nilisifiwa nikavimba kichwa siku nzima. Nilirudi nyumbani nikamsomea baba yako sentensi ile, yeye akiwa hana kazi, anaziba pancha chini ya mti wa jirani. Akasema, "Imekaa vizuri." Alikuwa hanikejeli, na hapo ndipo nilipoanza kuona aibu.

Sentensi hiyo, mwanangu, ndiyo uliyoisema kwenye usaili wako.

Nitarudi hapo. Kwanza nikueleze kwa nini wanafanya mambo haya, maana utakaa nao na watakupa sababu nzuri nzuri. Watakuambia ni utu. Sikatai kwamba wana utu, kila mtu anao kidogo, hata Meneja alimpenda mbwa wake. Lakini mimi nimepiga chapa barua zao zote, za nje na za siri, na sikumbuki barua moja iliyoanza na utu. Zilianza na hofu. Hofu ya kunyimwa kazi ya kubeba mahindi, hofu ya diwani, hofu kwamba kampuni ya jirani imejenga choo cha shule na sisi hatujajenga. Hicho choo kilitunyima usingizi ofisi nzima. Meneja alikwenda kukitazama mwenyewe, akarudi akasema, "Chenyewe hakina hata mlango," na akafurahi mpaka Ijumaa.

Baada ya hofu huja tamaa ya kuonekana. Meneja wa tawi la Kigoma ni mtu aliyewekwa mwisho wa reli. Akifanya kazi vizuri, Dar hawamwoni, akiharibu, wanamwona. Lakini akitokea kwenye ripoti amembeba mtoto wa mkimbizi, wanamwona vizuri sana. Basi akaajiri mpiga picha wa mjini, akawa haendi popote bila yeye. Makuli wa bandarini wakampa jina, Bwana Picha. Nami nitamwita hivyo kuanzia hapa, maana ndilo jina alilolifanyia kazi.

Mwaka uliofuata shirika likaandika kwamba wageni wao watapita kuona kampuni inafanya nini sasa kwa jamii. Ghala lisingetosha tena. Bwana Picha akakumbuka wanawake wa dagaa. Akaamua kuwajengea vichanja, vile vya mbao na wavu wa waya, wasianike tena chini. Hakuwaza kusogeza seng'enge. Vichanja vikajengwa juu kando ya barabara, mahali pasipofika upepo, ili wageni waone bila kushuka mchangani na viatu vyao. Vikapakwa rangi za kampuni. Wanawake walipovikuta walivizunguka wakavitazama kama watu wanavyotazama jeneza la mgeni.

Tarehe ilipopangwa, Mama Sabina alinifuata nyumbani. "Yemwe, jamani, Mama Zuhura," akasema, "wiki hiyo ni mbalamwezi. Wavuvi wote watakuwa wamelala. Hao dagaa wa kuanika mtawatoa wapi?"

Wewe umezaliwa hapa, sina haja ya kukufundisha. Hata mtoto wa chekechea wa Kigoma anajua kwamba dagaa wanafuata taa, na taa haina kazi mbele ya mwezi. Lakini Bwana Picha alikuwa ameishi nasi miaka na hakulijua hilo, na mimi nilipomwambia alikasirika kana kwamba nimemletea barua ya madai. "Mwambie huyo mama kwamba wageni wana ratiba. Mwezi hauna ratiba."

Nikarudi nikamwambia Mama Sabina. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwezi hauna ratiba," akasema akifuta macho. "Ego. Haya, tutaona."

Tuliona. Bwana Picha alituma gari sokoni, akanunua magunia ya dagaa wakavu, waliokwisha kuanikwa na kukauka na kuuzwa. Akaamuru waloweshwe kwenye mapipa, halafu wamwagwe kwenye vichanja, ili wageni wakute dagaa wabichi wanakauka. Nilisimama pale nikiwahesabia vibarua ndoo za maji, mimi binti wa Ujiji, niliyekula dagaa kabla sijaota meno. Wanawake walikuwa wamekaa upande wa pili wa barabara na kanga mpya za kampuni, wakitazama chakula kikiharibiwa kwa adabu zote.

Wageni wakaja. Kiongozi wao akataka kuongea na mwanamke mmoja, na Mama Sabina akasukumwa mbele. Akaulizwa, dagaa hawa wanakaukaje kwenye vichanja hivi? Akajibu kwa sauti ya kila siku, "Hawa walishakauka. Sasa wanakauka mara ya pili."

Bwana Picha ndiye aliyekuwa mkalimani. Akawageukia wageni akawaambia kwamba mama anasema siku hizi dagaa wanakauka kwa kasi mara mbili. Wageni wakaandika. Mpiga picha akapiga. Na ripoti ya mwaka ule ikasema, nami ndiye niliyeipiga chapa, kwamba vichanja vya kampuni vimeongeza kasi ya ukaushaji mara mbili. Siku chache baadaye dagaa wale walikuwa wameoza, na harufu yao ilifika hadi dirishani kwa Bwana Picha. Akafunga dirisha. Wanawake waliingoja ikwishe, wakaja na koleo, wakakata wavu wa waya wakaenda kujengea mabanda ya kuku. Mama Sabina bado analo lake. Nakiri, ni waya mzuri.

Mwanangu, ungedhani mtu yule alikuwa anacheka peke yake usiku. Mimi nilidhani hivyo, na nilikosea, na kosa hilo ndilo ninalotaka ulibebe zaidi ya mengine yote. Siku ya kumuaga, alipopandishwa cheo kwenda Dar, alisimama akahutubia habari ya ghala. Akaeleza mvua, akaeleza watoto, akaeleza jinsi moyo ulivyomsukuma. Akalia, Zuhura, machozi ya kweli, mpaka akatafuta kitambaa. Alikuwa amekwisha kuamini. Aliisoma ripoti yake mara nyingi, akaona picha yake, akasahau kijiti cha meno. Mwongo anayejua kwamba anaongopa unaweza kuishi naye, siku moja utamshika bega. Huyu aliyejiandikia akajisomea akaamini, utamshika wapi?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Labda hawakuwahi kupanda treni ya Kigoma. Njia ya Bwana Picha ilifika Dar es Salaam, ikaingia kwenye bodi, na mwezi uliopita ikakaa mbele yako kwenye chumba cha usaili.

Ulirudi ukatusimulia ukiwa umejaa furaha. Walikuuliza kwa nini unaitaka kazi hii, ukawaambia unatoka Kigoma, wazazi wako wote walikuwa wafanyakazi wa kampuni, na baba yako alikuwa mlinzi siku ile kampuni ilipofungua milango yake kwa wakimbizi. Ukasema yule mzee wa katikati alitokwa na machozi. Sikushangaa. Kazi ukapata. Na kwa kuwa sasa watu wanavuka tena, na kampuni inataka kubeba mahindi tena, wanatoa kitabu cha kumbukumbu, na kazi yako ya kwanza ni kukiandika. Baba yako atatumiwa tiketi, atavaa vizuri, atapewa cheti na yule mzee, watapigwa picha wameshikana mikono. Ukurasa wa kwanza.

Ulimwuliza baba yako kama anakubali. Akakuuliza, "Nivae koti gani?" Ukamkumbatia.

Wewe uliona mzee amefurahi. Mimi nimelala na mtu huyu miaka yote hii, najua anavyofurahi, na haikuwa hivyo. Ulipotoka nilimwambia, "Utampa mkono mtu aliyekufukuza, akupe cheti cha kazi aliyokufukuzia?" Akasema, "Mwache mtoto apate pa kuanzia." Basi. Akaenda kutafuta koti. Ni lilelile la kahawia, nimelishona kwapani leo asubuhi.

Sikuambii uache kazi. Ningekuwa mnafiki, maana ada yako ya shule ilitoka kwenye mashine ile ya chapa, na chumvi ya nyumba hii ilitoka humohumo. Wala sikuambii ukagombane na wazee wa bodi siku ya kwanza. Wapo watu wazuri katika kazi hizo, labda, na labda wewe utawajengea watu kisima chenye maji. Ukijenga, nitafurahi, na nitakuja kunywa. Ninachokataa ni kimoja, na nakikataa kama mama yako na kama mtu aliyeitunga sentensi ile: usimpeleke baba yako kwenye ukurasa ule akashukuru. Kama unataka kumweka, mweke na mtaimbo wake, na barua niliyompigia chapa, na kufuli jipya alilolazimishwa kununua. Wakikukatalia, basi acha ukurasa bila yeye, mzee abaki hapa nyumbani Gungu na baiskeli zake. Yeye hatakuambia hivyo kamwe. Atakwenda, atapeana mkono, atarudi, na atasema imekaa vizuri. Ni wewe tu unayeweza kumzuilia aibu hiyo, na mimi siwezi kuvumilia kuiona mara ya pili.

Nimesikia sauti yako kwa jirani, umesharudi, unamsalimia Mama Sabina. Nimalizie.

Chini kabisa ya sanduku, ndani ya kanga yangu ya bluu, nimeweka lile kufuli. Baba yako hajui, alidhani ni uzito wa viatu. Lichukue uliweke juu ya meza yako ofisini, likushikilie karatasi feni ikiwashwa. Yule mzee atapita, maana hupita kuwaona vijana wapya, na atauliza ni kitu gani hicho. Usimjibu kwa hasira. Mpe mkononi alishike, aone lilivyopinda, halafu mwulize wewe: mwenye ghala akifungua mlango wake mwenyewe, kufuli linavunjika kwa nini?

Mama yako